Nilimwogesha mbwa mzee wa Babu, nusura nimponze!

Msomaji wangu, wewe na mimi watoto wa mjini, mbwa tunamjua kwa kibao. Kile kilichopigiliwa getini, "Mbwa Mkali", halafu ukichungulia ndani unakuta kajibwa kamelala chini ya gari kanajikuna. Au tunamjua kwa zile nyumba za geti kali za Masaki na Mikocheni, ambako mbwa anakula nyama kila siku na mlinzi anayemlisha anashindia mihogo ya kuchoma. Basi, tunaishia hapo. Mbwa akizeeka anakwenda wapi, anaogaje, nani anamkata kucha, hayo sisi hatujui.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena na kiburi juu yake. Kuna mshkaji wangu mmoja pale Sinza, dili lake ni kuogesha mbwa wa wenye nazo. Anazunguka nyumba hadi nyumba na beseni, shampuu, brashi na mataulo. Nilimsaidia wikiendi mbili tatu, nikasugua mbwa vijana wenye afya zao, wananilamba huku wanacheza na povu. Nikajiona mtaalamu. Nikawa natamba mtaani eti mbwa mimi ndiyo kazi yangu.

Kumbe kasheshe ilikuwa inanisubiri Nyamahanga.

Nyamahanga ni kwa Babu, mzaa baba. Iko Biharamulo, mkoani Kagera. Safari yenyewe siku hizi imekuwa nyepesi, maana ukitoka Mwanza hakuna tena kukaa foleni ya kivuko pale Kigongo. Unapita juu ya lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, unakula kilometa zake 3 za ziwa huku unapiga picha, unatambaa na Sengerema na Geita mpaka Biharamulo mjini. Kutoka hapo ni bodaboda, mzigo mapajani, vumbi puani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mke wangu. Umekuja na mahari yangu, au umekuja kula tu?"

Babu na mjukuu, si unajua utani wetu. Bibi alikuwa jikoni anacheka, anasema mke mwenza wake kakonda, mjini hawampi chakula.

Pembeni ya kiti cha Babu kulikuwa na kitu nilichodhani ni gunia kuukuu. Gunia likainua kichwa. Ndiyo nikamkumbuka Watasema.

Jina hilo usilicheke. Watu wengi wanampa mbwa jina la ujumbe, ili jirani akisikia anaitwa kila jioni apate salamu zake bila ugomvi. Babu alipomchukua akiwa mtoto, kuna watu walikuwa wanamsema kwamba mzee mzima anahangaika na mbwa wakati hata mbuzi wake hawajatimia kumi. Akamwita Watasema. Miaka 13 sasa imepita na bado wanasema.

Katika ujana wake alikuwa moto wa kuotea mbali. Upande ule una mapori makubwa, yale ya Biharamulo na Burigi ambayo tangu 2019 yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mwenye shamba huku anajua maana ya nguruwe pori kwenye mihogo na ngedere kwenye mahindi. Watasema ndiye aliyekuwa analinda. Ana kovu refu ubavuni, Babu anasema ni la jino la nguruwe. Leo hii ni kikongwe. Kibogoyo nusu. Macho yamefunikwa na ukungu, masikio yanasikia kwa kubahatisha, miguu ya nyuma inatembea kama imefungwa kamba. Na alikuwa ananuka, sikufichi. Mkojo ulikuwa unamvuja kidogo kidogo akilala, manyoya ya nyuma yameganda, nzi wanamfuata kama daladala inavyofuatwa na wapiga debe.

Nikasema hapa ndipo pa kumwonyesha Babu kwamba mjukuu wake si wa bure. Kesho yake nitamwogesha.

NILIVYOHARIBU

Sikiliza nilivyofanya, kisha uhesabu makosa mwenyewe.

Niliamka saa 1 asubuhi. Mwezi wa saba Biharamulo asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, lakini mimi nilitaka kumaliza mapema. Nikateka maji kwenye pipa, ya baridi vile vile. Sabuni nikachukua ya unga, ile ya kufulia, nikaikoroga mpaka povu likafurika. Dodoki la Bibi la kusugulia miguu nikalichomoa ukutani. Nikaweka kila kitu juu ya sakafu ya saruji mbele ya jiko, pale wanapooshea vyombo, pamelowa, panateleza.

Watasema alikuwa amelala jua la kwanza. Nikamwendea kwa nyuma, kimya kimya, nisimshtue. Eti nisimshtue! Nikampitisha mikono makwapani, nikamnyanyua miguu ya mbele juu, kama unavyomnyanyua mtoto. Uzito wote ukaenda nyonga za nyuma.

Alitoa mlio sijawahi kuusikia. Halafu akageuka, akanipata mkono wa kulia, chini ya kidole gumba. Meno yenyewe yamebaki machache lakini yaliyobaki yanafanya kazi. Damu. Mimi nikapiga ukelele wa kiume, nikamwachia, akaanguka kwenye ile saruji iliyolowa, miguu ikatawanyika pande nne, akawa anahangaika kusimama anateleza, anabweka kwa hofu hajui adui yuko wapi.

Kijijini ukipiga kelele moja tu umeita mkutano. Dakika tano hazikupita, vijana sita wamefika, wawili na fimbo, mmoja na mpini wa jembe. Mmoja akauliza, "Kamng'ata?" Mwingine akajibu, "Kamng'ata, na si unaona anavyoyumba? Kichaa hicho!"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Maana neno kichaa likishatamkwa, mbwa hana wakili. Na huwezi kuwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kaburi, karibu kila mara, na kwa watu karibu wote wanaokipata duniani kinaletwa na mbwa. Wale vijana hawakuwa wakatili, walikuwa wanaogopa kwa haki.

Babu alitoka na bakora yake. Hakupiga kelele. Akatembea mpaka kwa Watasema, akagonga chini mara mbili na bakora, ko, ko, akasimama juu yake akimweka katikati ya miguu.

"Atakayempiga," alisema, "aanze na mimi."

Wakati huo shangazi alikuwa keshanishika kiwiko ananiburura bombani. Huyu mama hakusoma sana lakini nampa heshima yake. Alifungua maji yakawa yanatiririka, akanisugua kidonda kwa sabuni ya mche, nikawa nalia anaendelea, nikamwambia inatosha anaendelea. Dakika 15 nzima. Baadaye hospitalini waliniambia hicho ndicho kitu cha kwanza kabisa cha kufanya ukiumwa na mbwa, kabla ya gari, kabla ya simu. Si kupaka majivu, si kufunga kitambaa kikavu. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kisha mbio kwa daktari.

BWANA MIFUGO

Baba mdogo alimpigia simu Bwana Mifugo. Alikuja na pikipiki, buti zimejaa matope. Mzee wa makamo, mpole, wa kuzungumza taratibu. Kitu cha kwanza akauliza kadi ya chanjo. Babu akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wenye kadi ya kliniki za watoto wa zamani, risiti za kahawa, na kadi ya Watasema. Amechanjwa kichaa kila mwaka, hajaruka hata mmoja.

Wale vijana wakashusha fimbo kidogo. Bwana Mifugo akawaambia kadi peke yake haitoshi kulala usingizi. Mbwa aliyemng'ata mtu afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Mbwa mwenye kichaa mate yake huwa na virusi siku chache tu kabla hajafa, kwa hiyo akizimaliza siku 10 akiwa mzima, basi siku ile aliyong'ata hakuwa nacho. Mkimuua leo, alisema, mtakuwa mmetupa ushahidi, na huyu binti atabaki na wasiwasi.

Nilipelekwa mjini siku hiyo hiyo. Sindano ya kwanza, nyingine siku ya 3, nyingine ya 7. Daktari akasema ikipita siku ya 10 mbwa mzima, nirudi anione, huenda tukaachia hapo.

Kwa hiyo likizo yangu ya siku 5 ikawa wiki mbili. Na kwa siku 10 uhai wa Watasema ulikuwa umening'inia kwa sababu ya mimi kutaka sifa.

Nikuambie ukweli, siku ya 2 alikataa kula asubuhi na mimi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kulia. Ikaja kujulikana Bibi alimpa ugali mkavu. Ulipolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, akasafisha bakuli.

Bwana Mifugo alikuwa anapita kila baada ya siku mbili, na kila akipita ananifundisha. Alianza kwa kuniuliza swali moja: "Wewe, mtu akikunyanyua asubuhi huku kiuno kinauma, humwoni, hujamsikia, utamfanyaje?"

Nikasema nitampiga ngumi.

"Basi yeye hana ngumi."

Akanionyesha mmoja mmoja mwili wa yule mzee. Nyonga na magoti, baridi yabisi. Ndiyo maana asubuhi ni mbaya kuliko mchana, viungo vinakuwa vimeganda. Macho akayamulika kwa tochi. Alisema siyo kila jicho la mbwa mzee lenye rangi ya bluu bluu limepofuka, mengine ni uzee tu wa kioo cha jicho na bado anaona. Ila la Watasema ni mtoto wa jicho, limekuwa jeupe kabisa. Akaongeza kwamba sehemu zenye mbung'o mbwa anaweza kupata nagana, ukungu ukatanda jichoni ghafla, tena kwa mbwa kijana, huyo asingojewe.

Masikio yana nta na harufu. Meno yana ukoko, mawili yanacheza, ndiyo maana hataki kuguswa shavu. Ngozi imekuwa nyembamba kama ya mkono wa Bibi, ukilivuta dodoki pale unachuna. Ubavuni ana vinundu viwili laini, vya mafuta, havimsumbui, ila ukivipitia na kitana cha meno makali utavikata. Na kucha! Mbwa anayekimbia kucha zinajisaga zenyewe. Anayelala kutwa zinarefuka, anakanyaga kwa kisigino, nyonga zinazidi kuuma. Kuna ile kucha ya pembeni, ya juu, isiyogusa ardhi. Ya Watasema ilikuwa imejikunja duara inaanza kuingia nyamani.

Nilijisikia vibaya. Yote hayo yalikuwa yanaonekana kwa macho kama ningekaa naye robo saa tu kabla ya kukimbilia ndoo.

Halafu ikaja ya dawa. Siku ya 4 baba mdogo, kwa moyo mzuri kabisa, alileta chupa ya soda yenye dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye josho. Eti tumpake imalize kupe. Ilikuwa nzito, haijachanganywa na maji. Bwana Mifugo aliposikia alikuja siku hiyo hiyo. Dawa za josho zinachanganywa kwa kipimo cha ng'ombe, nyingine zikimwingia mbwa zinamlegeza, moyo unapiga pole pole, na mbwa mzee haamki. Na kuiweka kwenye chupa ya soda ndani ya nyumba yenye watoto, hapo alimsema baba mdogo mpaka nikamwonea huruma. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa, ambazo nazo watu wanampaka mbwa mwenye upele, zote zinaunguza ngozi na akijilamba anakunywa sumu.

Na mimi nisijifanye malaika. Kwenye mkoba nilikuwa na ibuprofeni zangu za siku za mwezi, na nilikuwa nishaweka kimoja mkononi nimwekee kwenye ugali, apunguze maumivu. Bwana Mifugo akanizuia. Ibuprofeni na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Hata panadoli usimpe kwa kukisia. Mbwa wana dawa zao za viungo, zinapimwa kwa kilo. Alimpa za siku chache, na ndani ya siku mbili nikamwona Watasema anajinyoosha.

KO, KO

Jambo kubwa nililojifunza sikufundishwa na Bwana Mifugo. Nililiona mwenyewe. Kila Babu akitaka kumsogelea Watasema anasimama hatua tatu mbali, anagonga bakora chini mara mbili. Ko, ko. Watasema anainua pua, mkia unapiga vumbi. Ndipo Babu anasogea, anampa nyuma ya kiganja anuse, kisha anamgusa bega, siyo kichwa. Masikio hayasikii vizuri lakini ardhi inamfikishia taarifa.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akanishangaa. "Na wewe mke wangu nikiingia ndani si napiga hodi?"

Siku ya 10 ikafika. Watasema mzima, anakula, anakoroma. Wale vijana walikuja kumwangalia, yule wa mpini wa jembe akamletea kichwa cha samaki. Mjini daktari akanifungia kazi.

Siku ya 11 nikaomba ruhusa ya kujaribu tena. Babu akafikiri sana. Akasema sawa, lakini safari hii mbwa ndiye bosi.

Tulianza saa 7 mchana, jua limewaka, viungo vimepata moto. Siku ya kwanza hatukutumia tone la maji. Nilikuwa nimempa kipande cha ndizi ya kuchemsha nikiwa nimekaa chini, usawa wake, maana mtu akikuinamia kwa juu hata wewe unajihami. Brashi laini ya nguo ndiyo ilikuwa kitana chetu. Pale palipoganda nikatumia vidole na mkasi wenye ncha butu, vidole vyangu vikiwa kati ya mkasi na ngozi. Kupe nilimtoa kwa kibanio cha nyusi, unamkamata karibu kabisa na ngozi, unamvuta moja kwa moja taratibu. Humchomi na kiberiti, hummwagii mafuta ya taa, wala humpasui kwa kucha. Nilimtumbukiza kwenye kikopo cha spiriti. Nilitoa 11. Bwana Mifugo alishaniambia niangalie pia ufizi, ukiwa mweupe kama karatasi badala ya kuwa na rangi ya waridi, huenda kupe wameshamletea ugonjwa wa damu. Wa Watasema ulikuwa safi, sehemu zilizobaki.

Alipoanza kuhema haraka na kulamba midomo, nikaacha. Zamani ningesema bado kidogo tu namalizia. Mshkaji wangu wa Sinza anajitapa kwamba anamaliza mbwa mzima kwa dakika 40 bila kupumzika. Kwa kijana sawa. Kwa mzee, dakika 10 zinatosha, anayebaki ataogeshwa kesho.

Kesho yake ndiyo maji. Vuguvugu, unayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Tulitandika gunia la katani juu ya nyasi, asiteleze. Baba mdogo akamshikilia kwa chini, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya tumbo karibu na mapaja, ili uzito usikae kwenye nyonga. Hakumnyanyua, alimwegemeza tu. Kichwa hatukumwagia, nilifuta uso kwa kitambaa kilichokamuliwa, macho nikafuta kutoka ndani kwenda nje. Masikio nikasafisha pale jicho langu linapofika tu, kwa pamba. Mwili mzima haukuwa na haja ya sabuni. Tuliosha nyuma, mapaja na tumbo, kule mkojo unakochoma ngozi, kwa sabuni laini ya watoto kidogo sana, tukasuuza mara tatu. Sabuni inayobaki ndiyo inayoleta muwasho kuliko uchafu wenyewe. Nywele za eneo lile nilikuwa nimezipunguza jana yake, kwa hiyo zilikauka upesi. Hilo la kukauka si mchezo huku. Sehemu yenye unyevu na mkojo nzi anataga, na funza kwenye ngozi ya mbwa hai ni kitu ambacho sitaki kukisimulia, na wewe huenda unakula chipsi.

Kanga mbili kuukuu za Bibi ndizo zilikuwa taulo. Nilikuwa nagandamiza, sisugui. Mwishoni Watasema akajitikisa, akatulowesha wote, akaenda kulala juani. Bibi alisema sasa anafanana na mtu.

Kucha zilikuwa kazi ya Bwana Mifugo. Kucha nyeusi huoni nyama ya ndani yenye damu ilipoishia, kwa hiyo unakata kipande chembamba kama cha mwezi mwandamo, unaangalia, unakata kingine. Ukiona doa jeusi laini katikati ya mkato, simama. Moja ilitoa damu. Bibi akaleta unga wa muhogo, tukagandamiza dakika chache, ikanyamaza. Ile iliyojikunja aliitoa mwenyewe, kwa koleo yake, baada ya kumpa dawa ya ganzi.

ATAISHI MPAKA LINI?

Niliuliza. Nilikuwa nimesoma habari za Bobi, yule mbwa wa Ureno aliyetangazwa kuwa na miaka 31. Alikufa Oktoba 2023, na Februari 2024 Guinness wakamvua taji kwa kukosa ushahidi wa umri. Taji likabaki kwa Bluey wa Australia, aliyekufa 1939 akiwa na miaka 29 na miezi 5. Nikawa nahesabu kwamba Watasema ana nusu nzima mbele yake.

Bwana Mifugo hakucheka. Alimwambia Babu, kwa heshima, mbele yangu, kwamba kuna siku Watasema hatainuka. Siyo siku moja mbaya, maana kila mzee ana siku mbaya. Ni pale siku mbaya zitakapokuwa nyingi kuliko nzuri, hali, hajigeuzi, ukigonga chini mkia haujibu. Siku hiyo apigiwe simu. Kuna sindano, analala kama wa kupelekwa upasuaji, halafu moyo unasimama. Siyo sumu ya kwenye nyama, ambayo inamtesa kwa masaa na inaweza kumpata mtoto au paka wa jirani, na siyo fimbo. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa.

Babu alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Nitakuita. Lakini si mwaka huu."

Niliporudi mjini nilimkalisha mshkaji wangu wa Sinza. Sasa kabla hajashika ndoo anauliza mwenye mbwa: ana miaka mingapi, anaumwa wapi, anaona, anasikia, kachanjwa lini. Mmoja alikasirika akamwambia aogeshe mbwa aache upelelezi. Akaondoka na beseni lake. Na wewe kama una mbwa mzee nyumbani, anayekuja kumwogesha asipouliza hata moja kati ya hayo, mwambie wewe kabla hajamgusa. Akimfunga shingo kwenye nguzo ili asisogee, mlipe nauli yake aende.

Sijakumalizia ile siku ya kucha. Bwana Mifugo alikuwa keshaondoka, jua linazama, mimi nakusanya vitu. Babu alikuwa kwenye kiti chake, Watasema miguuni. Akavua ndara moja, akanyoosha mguu.

"Mke wangu, na mimi hapa kiuno hakikunjiki. Bibi yako macho hayaoni. Za mwezi wa ngapi hizi?"

Nikaziangalia. Nene, za njano, moja imeanza kuingia pembeni.

Nikarudi jikoni kupasha maji.